Zermatt au Chamonix? Hesabu ya wiki moja ya theluji

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Septemba na Oktoba, wakati wakulima wa huku kwetu wakitazama mawingu ya vuli, familia nyingi za Ulaya huwa mezani zikipiga hesabu ya namna nyingine. Baridi ikija, waende wapi kuteleza kwenye theluji?

Huenda msomaji akauliza, sasa hayo yanamhusu nini muuza mbegu wa Mbozi au mwenye duka la jumla Kakamega? Yanamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, siku hizi si wachache wenye mtoto au ndugu anayeishi Geneva, Lyon au Milano, ambaye wenzake kazini humwalika likizo ya aina hiyo na hajui aanzie wapi. Pili, wanaouza likizo hiyo ni vijiji vilivyokuwa vya wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, ambavyo viligundua kwamba mlima uliokuwa ukiwatesa unaweza kuwalisha. Jinsi vinavyomvuta mteja, na jinsi mteja anavyopima, ni biashara ya kuangalia kwa makini.

Tuchukue vijiji viwili ambavyo mteja huviweka sana kwenye mizani moja. Cha kwanza ni Zermatt, kusini mwa Uswisi, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Cha pili ni Chamonix, Ufaransa, chini ya Mont Blanc, ambao ndio mrefu kuliko yote katika milima ya Alps. Vyote vina majina makubwa, na vyote huuza bidhaa ileile: theluji, mteremko na mandhari. Lakini mfuko wa mteja hautoki sawa, wala anachorudi nacho nyumbani si kimoja.

Urefu ndio bima ya theluji

Jambo la kwanza kuuliza ni kijiji kipo mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Bei ya chumba ifuate baadaye. Zermatt ipo mita 1,600 na kidogo, yaani chini kidogo ya Nairobi. Chamonix ipo mita 1,035. Tofauti hiyo ya mita karibu 600 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayoamua kama kinachoanguka siku ya Januari ni theluji au ni mvua.

Kutoka kijijini, wageni hupandishwa na vigari vinavyoning'inia kwenye waya. Zermatt vinafika kituo cha Klein Matterhorn, mita 3,883, ambacho ndicho kituo cha juu kuliko vyote vya aina hiyo Ulaya. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu kidogo ya kibanda cha Horombo. Huko barafu ni ya kudumu, na ndiyo maana Zermatt huweza kuuza skii hata mwezi Julai. Njia za kutelezea, ukijumlisha na za upande wa pili wa mpaka, Italia, zinafika kilomita 360 hivi, na zote zinashikana: mtu anavaa mbao zake asubuhi na kuzivua jioni bila kupanda basi.

Chamonix nayo ina waya wake maarufu, wa Aiguille du Midi, uliofunguliwa mwaka 1955 na unaofika mita 3,842. Lakini huo ni wa kutazama mandhari na wa mabingwa. Kutoka pale juu mtu huteleza bonde la Vallée Blanche, kilomita kama 20, juu ya mto wa barafu wenye nyufa zinazoweza kummeza mtu, na asiyejua hukodi kiongozi. Maeneo ya kawaida ya kutelezea yamesambaa bondeni: Brévent na Flégère upande mmoja, Grands Montets juu zaidi, Le Tour mwisho wa bonde, Les Houches mwanzo wake. Kati ya eneo na eneo ni basi au treni, mbao mkononi na watoto nyuma. Kwa familia yenye watoto wadogo hilo si jambo dogo. Nusu saa ya kungoja basi na viatu vizito vya skii miguuni inachosha kuliko skii yenyewe.

Kwa hiyo kwenye uhakika wa theluji Zermatt inashinda, tena kwa mbali. Anayetaka kwenda mapema Desemba au kuchelewa hadi Aprili asisumbuke kufikiri mara mbili.

Mfuko unasemaje

Hapa mizani inageuka. Uswisi inatumia faranga yake, na sahani ya chakula cha mchana mlimani, kahawa, hata chupa ya maji, humshtua aliyetoka nchi ya yuro, sembuse aliyetoka nchi ya shilingi. Zermatt pia ni kijiji kisicho na magari ya mafuta. Mwenye gari huliacha Täsch, kilomita tano chini, analipia maegesho, kisha analipia treni ya dakika 12 kuingia kijijini. Ndani ni vigari vidogo vya umeme na miguu. Hewa ni safi na watoto hucheza njiani bila hofu, lakini kila hatua ina risiti yake.

Chamonix ni mji wa watu wa kila namna. Kuna hoteli za matajiri, kuna vyumba vya kupanga vyenye jiko, kuna mabweni ya vijana. Anayejipikia anakwenda dukani kama mkazi mwingine yeyote. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva ni mwendo wa saa moja na robo hivi kwa gari, barabara ikiwa njema. Kwenda Zermatt kutoka uwanja huohuo ni treni ya karibu saa nne, unabadilishia Visp. Kwa familia ya watu wanne, tofauti ya nauli peke yake inaweza kulipa mwalimu wa skii wa siku mbili.

Mkulima wa nyanya ataelewa haraka jinsi bei za huko zinavyopanda na kushuka. Kiti cha kwenye waya kisichokaliwa leo hakiwezi kuuzwa kesho, kama tenga la nyanya lililoiva. Wenye vijiji wanalijua hilo, hivyo tiketi za Zermatt hupangwa bei kulingana na siku na jinsi mteja alivyowahi kununua. Krismasi, mwaka mpya na likizo za shule za Februari ndiyo masika yao. Ufaransa shule zake zimegawanywa katika kanda tatu zinazopokezana likizo, kwa hiyo mbanano wa Februari huchukua wiki nne badala ya mbili. Wiki za katikati ya Januari ndizo za mwenye akili: theluji ipo, foleni fupi, na mwenye chumba anapokea simu mwenyewe.

Ipo njia ya tatu ambayo wafanyabiashara wataipenda. Upande wa pili wa Matterhorn, ndani ya Italia, kuna kijiji cha Breuil-Cervinia, mita 2,050. Mtu anaweza kulala huko kwa gharama ya Kiitaliano, akanunua tiketi ya kimataifa, akavuka mpaka kwa mbao na kuteleza Zermatt mchana kutwa. Mwaka 2023 ulifunguliwa hata waya unaounganisha pande hizo mbili juu kabisa, kwa hiyo asiyeteleza naye anaweza kuvuka. Tatizo ni upepo. Ukivuma, kivuko kinafungwa, na aliyechelewa upande wa Uswisi analala huko au anazunguka kwa gari saa nyingi, kwa gharama itakayofuta kila senti aliyookoa. Saa ya kurudi ni kitu cha kuheshimu.

Wenyewe waliingiaje kwenye biashara hii

Hapa ndipo penye utamu zaidi kwa wasomaji wa ukurasa huu.

Katikati ya karne ya 19, Zermatt kilikuwa kijiji maskini cha wafugaji. Mtu wa kuja, Alexander Seiler, aliyekuwa fundi wa kutengeneza sabuni kutoka bonde jingine la jimbo hilohilo, akaingia kwenye hoteli miaka ya 1850. Mwaka 1865 Mwingereza Edward Whymper na wenzake sita wakafika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza. Wanne kati yao walikufa wakati wa kushuka. Habari hiyo ilitikisa Ulaya, na badala ya kuwafukuza wageni ikawaleta kwa wingi. Seiler akatajirika, akaomba uraia wa kijiji. Wenyeji wakamkatalia kwa miaka mingi, hadi mamlaka za juu zilipoingilia kati. Walichoogopa si sura yake. Aliyepewa uraia alipata haki kwenye msitu, malisho na ardhi ya pamoja.

Wenyeji hawakuishia kukataa. Wakajenga hoteli yao wenyewe kwa msaragambo, Zermatterhof, iliyofunguliwa 1879. Hadi leo ni mali ya jumuiya ya koo za wenyeji, ambayo ina hoteli na migahawa mingine, malisho, na hisa kwenye kampuni inayoendesha nyaya za mlimani. Mgeni anayekula juu ya Riffelberg anaweza kudhani analipa tajiri mmoja wa Zürich, kumbe fedha inaingia kwenye mfuko wa wajukuu wa wachunga mbuzi. Uraia huo haununuliwi dukani. Wapo wanaouona ni ubaguzi, nao wana hoja. Lakini ardhi haijawahi kuwatoka.

Chamonix ilikwenda njia nyingine. Mont Blanc ulipandwa Agosti 1786 na Jacques Balmat, mtafuta mawe ya thamani, na daktari Michel Paccard. Wageni wakaanza kumiminika, na wenyeji wakawa waongozaji. Mwaka 1820 waongozaji watatu walikufa kwenye maporomoko ya theluji, na mwaka uliofuata wenzao wakaunda chama: kazi kwa zamu ili asipendelewe mtu, na mfuko wa kusaidia familia za wanaopatwa na ajali. Chama hicho kipo hadi leo, kimetimiza zaidi ya miaka 200. Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro, ambao kila msimu hulalamika juu ya malipo na zamu, wangekisoma kwa faida. Mwaka 1924 Chamonix iliandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, na jina likashika dunia nzima.

Ng'ombe bado wapo

Asidhani mtu kwamba mifugo imeondoka. Theluji ikiyeyuka, sehemu kubwa ya njia hizohizo za skii hurudi kuwa malisho. Jimbo la Valais, lililo na Zermatt, lina jibini yake ya raclette inayoyeyushwa na kukwanguliwa juu ya viazi. Lina pia kondoo weusi wa pua, wenye sufi nyeupe ndefu, na ng'ombe weusi wa Hérens ambao majike hupigana pembe kwa pembe kugombea uongozi wa kundi. Wenyeji wamelifanya hilo kuwa tamasha. Kakamega wanapambanisha mafahali, Valais wanapambanisha majike, na jike anayeshinda thamani yake hupanda.

Upande wa Chamonix, mkoa wa Haute-Savoie, jibini ni reblochon. Inasimuliwa kwamba wakulima wa zamani walikuwa wakilipa kodi ya malisho kwa kiasi cha maziwa, basi siku ya kupimwa wakakamua nusu. Mpimaji akiondoka, wanarudi kukamua mara ya pili, na maziwa hayo mazito ndiyo yaliyotengeneza jibini. Leo mgeni hulipa vizuri kula matunda ya ujanja huo, umechanganywa na viazi na nyama ya nguruwe.

Valais ina jambo jingine ambalo Mchagga atalitambua papo hapo. Bonde hilo ni kavu kuliko linavyoonekana, na wakulima wake kwa karne nyingi wameleta maji kutoka kwenye barafu kwa mifereji ya kuchongwa ubavuni mwa mlima, na ratiba ya zamu na faini kwa mwizi wa maji. Ni mifongo ya Kilimanjaro, tofauti ni lugha tu. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka elimu ya umwagiliaji huo wa asili kwenye orodha yake ya urithi.

Maji hayohayo sasa yana mteja mpya

Theluji ya mbinguni ikipungua, vijiji hutengeneza yao kwa kunyunyiza maji na hewa wakati wa baridi kali. Kutandika hekta moja kwa kina cha sentimita 30 kunahitaji maji karibu mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni moja. Kwa lugha ya shambani hiyo ni sawa na mvua ya milimita 100 kwenye hekta hiyo. Mengi hurudi ardhini yakiyeyuka, lakini umeme haurudi. Mwaka 2008 Zermatt ilifunga mashine inayotengeneza theluji hata hewa ikiwa na joto, teknolojia iliyotokana na mitambo ya kupooza migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Hivyo kumbe kuna mtelezaji wa Ulaya anayepita juu ya ujuzi uliozaliwa kwa ajili ya mchimbaji wa Kiafrika.

Mashine hizo hazijazuia yote. Barafu za Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Mashindano ya dunia yaliyopangwa kuanzia Zermatt na kumalizikia Cervinia yalifutwa mwaka 2022 kwa ukosefu wa theluji, yakafutwa tena 2023 kwa theluji nyingi na upepo. Chamonix, mto wa barafu wa Mer de Glace umeshuka kiasi kwamba wageni waliokuwa wakishushwa karibu kabisa na barafu miaka ya 1980 walifikia kushuka ngazi zaidi ya 500, hadi waya mpya ulipojengwa na kufunguliwa 2024 mbele zaidi bondeni. Sisi ambao Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912 hatuhitaji kufafanuliwa.

Vijiji vya chini ndivyo vinavyoumia kwanza. Oktoba 2024 wakazi wa Seyne, kusini mwa Alps za Ufaransa, walipiga kura kufunga uwanja wao wa skii wa Grand Puy, kwa kuwa ulikuwa ukila fedha ya halmashauri kuliko unavyoingiza. Hilo nalo ni la kupima kabla ya kulipia: rahisi sana huenda ni rahisi kwa sababu theluji haina uhakika.

Hatari, viza na mwanafunzi wa kwanza

Theluji nyingi nayo ni balaa. Januari 2018 barabara na reli ya Zermatt vilifungwa na wageni wapatao 13,000 wakakwama kijijini, wengine wakatolewa kwa helikopta. Chamonix haijasahau Februari 1999, maporomoko yalipozika nyumba za kitongoji cha Montroc na kuua watu 12. Anayekwenda Zermatt asipange kurudi kazini asubuhi ya kesho yake.

Uokoaji una tofauti ambayo wengi hawaijui hadi waumie. Uswisi, helikopta ikija, ankara inafuata. Ufaransa, uokoaji mlimani nje ya maeneo ya skii hufanywa na vikosi vya serikali bila malipo, ila ukivunjika mguu ndani ya njia za skii, halmashauri hukutoza. Bima ya viza ya Schengen, ambayo lazima ifikie angalau yuro 30,000, haimaanishi kwamba inagusa michezo ya theluji. Soma maandishi madogo. Viza yenyewe ni moja kwa nchi zote tatu, na huombwa ubalozi wa nchi utakakolala siku nyingi zaidi.

Kwa anayeanza kabisa, alama za njia zisimchanganye. Ufaransa kijani ndiyo rahisi kuliko zote, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Uswisi hakuna kijani, inaanza bluu. Chamonix wanafunzi hupelekwa Le Tour au viwanja vya chini bondeni, ambavyo ni rahisi lakini theluji yake huyeyuka mapema. Zermatt huwapeleka Sunnegga, juu, penye jua na theluji ya uhakika, ila lazima walipie kupanda. Na asidhani mtu ni mchezo usio wetu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishuka milima ya PyeongChang kwenye Olimpiki ya 2018 akiwa na bendera ya Kenya.

Kwa maoni yetu, ndugu yako wa Geneva mwenye watoto wawili na akiba ya kawaida aende Chamonix wiki ya pili au ya tatu ya Januari, apange chumba chenye jiko Les Houches au karibu na Le Tour, achague eneo moja na kubaki hapo badala ya kukimbizana na mabasi, na asinunue tiketi kubwa ya bonde zima ambayo mwanafunzi hawezi kuimaliza. Akiwa na wazazi wasioteleza, au likizo yake ikiangukia Desemba au Aprili, basi achomoe faranga na kwenda Zermatt kwa siku nne badala ya saba. Treni ya meno ya Gornergrat, inayopanda tangu 1898 hadi mita 3,089, itawafikisha wazee mbele ya Matterhorn wakiwa wamekaa kwenye viti. Mbao na viatu akodi, asinunue; koti, glovu na miwani ya jua aazime kwa wenzake kazini. Tiketi ya mapema ni nafuu, lakini kwa kawaida haina marejesho, hivyo asiilipie kabla ya kuwa na ruhusa ya likizo iliyosainiwa mkononi.